Baba Mkwe Aliyekuwa wa Nne Kwenye Theluji

Jumatatu, 4 Februari 1980
Redio yetu inaanzisha kipindi cha historia ya michezo ya majira ya baridi. Mkurugenzi anamtaka Sauti ya Asali, yule msomaji wa habari. Sauti ya Asali! Mtu anayesafisha koo kabla hata ya kusalimia. Mimi nasoma matangazo ya vifo mpaka wafu wamenichoka. Nikajikuta nimesema kwamba baba mkwe wangu aliwahi kushindana kwenye theluji. Kikao kizima kikanigeukia. Mkurugenzi akaagiza mzee aletwe Ijumaa, azungumze moja kwa moja hewani. Kipindi ni changu.

Jumanne, 5
Baba mkwe alifanya kazi kiwanda cha barafu mpaka akastaafu. Kwa hiyo si uongo mtupu. Alikataa katakata. Nikamwambia kazi hii itamheshimisha binti yake. Akaniangalia weee, mwishowe akakubali, kwa ajili ya binti. Mke wangu alifunga mlango wa jikoni.

Jumatano, 6
Kuchagua mwaka. Michezo ya kwanza ilikuwa 1924, Ufaransa, halafu kila baada ya miaka minne. Nimehesabu kwa vidole: 28, 32, 36, 40. Mwaka 1940 mzee alikuwa kijana wa nguvu. Safi. Nimemfundisha aseme aliteremka mlima kwa skii, zile mbao za kutelezea, akawa wa nne. Angekuwa wa tatu, wangemuuliza medali iko wapi. Akili kama hii, na hakuna anayeiona.

Ijumaa, 8
Balaa. Sauti ya Asali alijikaribisha studio bila haya, akamuuliza mzee ilikuwa mwaka gani. 1940. Akauliza tena, kwa ule upole wake wa kuudhi. 1940. Ndipo akawaeleza wasikilizaji kwamba 1940 hakukuwa na michezo, wala 1944. Dunia ilikuwa vitani.
Baba mkwe akavua vile vidude vya masikioni, akaviweka mezani taratibu. Akasogea kwenye kipaza sauti.
"Samahanini sana. Mkwe wangu ndiye aliyeniambia niseme hivyo."
Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumapili, 10
Kipindi kapewa Sauti ya Asali. Mtaani wanamwita mzee Bingwa wa Barafu. Hatoki tena, hata kwa kinyozi. Mke wangu amefungasha nguo, amehamia kwa baba yake. Aliniambia pale mlangoni: "Mimi ungenidanganya tu, nimezoea. Baba hajazoea."
Chai nimejipikia. Imeungua. Sikujua chai huungua.

Jumatano, 13
Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa ni la vita. Bila vita, mzee angekuwa wa nne mpaka leo na mke wangu angekuwa hapa.
Safari hii nimechunguza. Mwaka 1948 michezo ilirudi, Uswisi. Ilifanyika kweli, hakuna wa kubisha. Na nasikia mkurugenzi anatafuta mgeni wa wiki ijayo.
Mama yangu mzazi ana miguu mirefu. Kesho nakwenda kumpa shikamoo, nimweleze kwamba alikuwa wa tano.