Vita vya Sirili na Jiwe la Shimo la Mgomba

Shimo la mgomba lilikuwa na jiwe, na jiwe halikutoka.

Sogeeni basi, enyi watu wa Marangu, nanyi wachuuzi wa Himo tueni magunia yenu, msikie habari za Sirili, Simba wa Kihamba, Mshika Sururu, aliyepigana siku tatu na adui asiye na macho. Mama mkwe wake, Martha, alimletea mche wa ndizi mshare, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kuupanda katika kihamba, shamba lake la urithi: "Hapa. Jumapili nikija niukute umesimama." Kushoto kahawa, kulia mpaka, juu makaburi ya wazee. Mahali pengine hapakuwapo. Na mche ulikwisha kuanza kunyauka.

Adui huyo msimdharau! Nasaba yake yatoka chini ya gamba la dunia, ambako mwamba una moto mkali, nao ukipata mwanya huyeyuka ukawa kama uji. Zamani mno, mabamba yanayoibeba Afrika yalipoanza kuachana, kwa mwendo wa kucha inayoota, ardhi ikachanika, uji ule ukapanda, ukamwagika, ukapoa, ukawa mlima. Jiwe lile ni mjukuu wa moto huo.

"Ewe Jiwe!" akanguruma Sirili. "Babu yangu alikukwepa, baba yangu akakukwepa. Leo pa kukwepea hakuna. Toka!"

Akapiga. Mpini ukavunjika.

Jirani yake Wenseslaus akachungulia juu ya ua wa masale. "Baba Jovin, huo ni mlima wenyewe unaugonga. Endelea tu, utatokea Kenya!"

Jumamosi Sirili akakumbuka silaha ya wazee: jiwe lichomwe, kisha limwagiwe maji baridi. Akawasha moto tangu alfajiri. Lakini zamu ya mfongo, mfereji wetu wa maji, ilikuwa ya Wenseslaus, na mtu haibi maji ya mwenzake hata vitani. Bomba nalo kavu. Ndipo jicho la shujaa likatua kwenye ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyoipika mkewe Mektrida kwa ajili ya mama yake.

"Baba Jovin, usithubutu!"

"Mama Jovin, ushindi haungoji!"

Akamwaga. Jiwe likalia kama bunduki, likapasuka vipande vitatu.

Mektrida akaokota kimoja, akakwangua ganda lake. Likasagika kiganjani, jekundu kama udongo wa shimo.

"Kumbe lilikwisha kuanza kuwa udongo," akasema. "Mvua na mizizi vilikuwa kazini. Ungesubiri."

"Miaka mingapi?"

"Labda elfu kumi."

"Mama yako anakuja kesho."

Jumapili Martha akautikisa mche kwa fimbo. Haukutetereka. "Umesimama," akasema, na kwa neno hilo Marangu ikaongezewa mgomba mmoja, vizazi na vijue. Kisha akaketi. "Haya, mbege iko wapi?"

Vita vilikula mpini mmoja, kucha mbili za mguu, nyusi ya kushoto, na mbege lita ishirini.

Martha alikunywa chai.