Ekari Arobaini za Kamati ya Uwindaji

Wanajumuiya wote wa Louisville, Columbus na Buffalo hapa Marekani, pigeni vigelegele! Tangu Oktoba hii ya 2015 sisi ni watu wenye ardhi. Kamati Kuu ya Uwindaji na Burudani, ambayo mimi Ruberwa ndiye katibu wake, imekodi ekari arobaini za msitu kutoka kwa mkulima mmoja mzungu, mwendo wa saa moja kutoka Linden, mtaa wetu wa Columbus, kwa mwaka mzima. Mkataba unasema ardhi ni ya uwindaji na burudani. Nimeusoma mara tano, mara mbili nikiwa nimesimama.

Wapo waliouliza tutawinda nini. Ni kweli sisi watu wa milima ya Itombwe kule Kongo ni wafugaji, na nyama ya porini haijawahi kuingia katika vyungu vya mama zetu. Kamati ililiona hilo mapema. Kwa azimio namba nne, kulungu yeyote atakayeonekana kwenye ekari zetu atahesabiwa kuwa ng'ombe mdogo asiye na mwenyewe.

Mjumbe wa Buffalo, Karoli, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania na asiyejua adabu za vikao, alinyoosha mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Kati yetu hapa, nani amewahi kuwinda?"

"Hilo ni swali la kiufundi," akajibu mwenyekiti wetu, mheshimiwa Kamanzi, ambaye siku za kazi hupanga maboksi kwenye warehouse. "Litapelekwa kwa kamati ndogo."

Kamati ndogo ni mimi. Bado nalishughulikia.

Ndipo akaja Mama Nyirabeza, mjane anayeishi na binti yake Gaju ghorofa ya pili pale Linden. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya waya wa shamba letu, jirani mmoja anafuga ng'ombe.

"Kamanzi, mwana wangu, miye siko nataka kuwinda," alisema. "Nitakaa tu pale kwa waya, niangalie ngombe. Zangu zote zilikulwa na watu wa bunduki. Miaka kumi sijasikia ngombe inalia. Donc, siku moja tu, nisikufe bila kusikia tena."

"Mama, hiyo sasa ni burudani," Kamanzi akamwambia kwa huruma ya kiofisi. "Burudani iko na fomu. Unaomba siku makumi tatu mbele."

Aliomba. Gaju alimjazia fomu. Kamati ilikaa saa tatu, kisha nikamwandikia barua, Kiswahili juu na Kiingereza chini, yenye mihuri miwili: "Mtajwa si mwindaji, hajawahi kuwa mwindaji, na hana dalili ya kuwa mwindaji. Kwa hiyo hataingia." Nakiri niliipenda sana ile barua. Mama aliikunja, akaitia kifuani, akaondoka.

Siku ya uzinduzi wajumbe wa Louisville walifika wakiwa wamevaa tai. Kila mjumbe alipewa kizibao cha rangi ya chungwa na kadi niliyoichapa mwenyewe kwa lugha zote mbili: MWINDAJI. Ya Kamanzi iliandikwa MWINDAJI MKUU. Lakini kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na chai ya maziwa ya Mama Nyirabeza haina mpinzani. Kamati ikakutana kwa dharura kando ya gari, ikamruhusu aingie na binti yake chini ya kifungu cha vifaa vya chai, wakiorodheshwa baada ya termosi na kabla ya vikombe.

Kamanzi alipanda kwenye kiti cha wawindaji kilichofungwa juu ya mti, mkononi upinde wa dukani ambao bado ulikuwa ndani ya nailoni yake, akaanza hotuba. Alikuwa ukurasa wa sita alipotokea afisa wa wanyamapori.

"Nani anawinda hapa?" akauliza afisa.

"Sisi wote!" akasema Kamanzi kutoka juu, kwa Kiingereza chake kizuri kuliko vyote. "Na mimi ndiye mkuu wao!"

Karoli alimvuta mguu. Hakusikia.

"Leseni ya jimbo?"

Kamanzi akatoa kadi yangu. Sisi wengine, kwa nidhamu, tukatoa zetu. Afisa alizisoma moja moja kama mtu anayesoma barua ya posa, akaandika majina yetu, kisha akasema mtu aliyekiri kwa maandishi kuwa anawinda bila leseni atoke nje ya lango, sasa hivi. Tukatoka mstari mmoja, na Mwindaji Mkuu wa mwisho, kwa sababu ngazi ilimshinda.

"Na huyu mama?"

Gaju alimtafsiria mama yake. Mama Nyirabeza alitia mkono kifuani, akampa afisa ile barua. Afisa aliisoma mpaka mwisho, akagusa mihuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Huyu karatasi zake ziko sawa," akasema. "Akae."

Mama akaenda na kiti chake mpaka kwenye waya. Akaita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu mama yangu alipokuwa hai, na ng'ombe wa jirani, ambao hawajui hata neno moja la kwetu, wakaja. Mmoja akalia. Nilitazama pembeni, maana katibu hapaswi kuonekana akifuta macho.

"Mama!" Kamanzi akaita kutoka barabarani, akitetemeka. "Mwambie huyo afisa sisi pia tuko kwa burudani! Na chai imebaki huko!"

Mama Nyirabeza hakugeuka.

"Bon, Kamanzi," akasema. "Iko na fomu. Siku makumi tatu mbele."

Nilikuwa na fomu moja mfukoni. Nikamkabidhi Mwenyekiti, pamoja na kalamu.