Vita vya Bi Mwanarehema na Mzani wa Betri

Siku tuliyomzika Baba, Mzee Mwidani wa Bofu, mzani wa bafuni ulipoteza msomaji wake. Basi jongeeni, enyi watu wa Likoni, nanyi mlio Kisauni na Changamwe tegeni masikio, niwasimulie vita alivyopigana mama yangu, Bi Mwanarehema, mwenye kifua cha subira na tumbo la heshima, dhidi ya adui mwembamba kama sinia.

Adui huyo Baba alimleta mwaka wa tisini na tatu kutoka Kipevu, alikokuwa akipakua meli, zawadi ya baharia mmoja. Ukimweka juu ya mkeka, alisema uongo. Usipomgutusha kwa kidole cha mguu, hakuamka. Na akiamka, namba zake nyekundu ziliwaka muda wa kupiga chafya, zikazimika. Mama alipotazama chini aliliona tumbo lake tu. Akiinama, namba zishakwenda. Kwa hiyo Baba alikuwa akipiga magoti sakafuni, akisoma, akimnong'oneza, na siri hiyo hakupewa mwingine, hata mimi bintiye. Majirani walipouliza kama mzani huo wafaa kwa matumizi ya kila siku, Mama aliwajibu: wafaa, kwa mwenye mume.

Baba alipoondoka, Mama akakaa eda, na sahani zikawa zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Ndipo Shangazi Mwanatatu, dada wa marehemu, mwenye sauti ya kusimamisha feri, alipotangaza vita.

"Wifi, panda mzani tujue umebaki kiasi gani!"

"Na nani atanisomea? Wewe? Bofu nzima itajua kabla ya adhuhuri."

"Wallahi nitafunga mdomo."

"Mdomo huo? Haukufungwa hata siku ya harusi yangu."

Akaingia peke yake. Tukasimama nje ya mlango kama askari nje ya ngome, tukamsikia akiuburuta mzani hadi kwenye saruji tupu, akiugonga kwa kidole. Kisha sauti ndogo:

"Johari."

"Abee, Mama."

"Nimeziona."

"Umeziona nini?"

"Namba. Nimeziona mwenyewe, wala sikuinama."

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga, na hivyo ndivyo alivyotimiza ahadi yake. Boma lililozificha namba miaka yote lilikuwa limebomoka mbele ya macho yetu, nasi hatukujua.

Mama akatoka, akaketi kwenye kibao cha jikoni.

"Niletee wali," akasema, "na yule papa aliyebaki. Namba zile sitaki kuziona tena."

Hapo vita vikapamba moto. Mahamri na mbaazi za nazi zilishambulia asubuhi. Mchana wali uliingia na kikosi cha samaki. Shangazi, jemadari wa vyungu, alilinda mlango ili sahani yoyote isirudi na kitu. Mama alikula akilia, alikula akinyamaza, na eda ilipokwisha alikuwa anakula akilalamika chumvi.

Ndipo Ijumaa moja ukasikika kutoka bafuni ukelele wa ushindi:

"Sizioni! Johari, njoo, sizioni!"

Shangazi akapiga kigelegele, majirani wakatoka kuuliza nani kaolewa, na siku hiyo ikaingia katika tarehe za Bofu.

Siku hizi, kila Ijumaa, napiga magoti pale alipokuwa akipiga Baba. Nasoma, namnong'oneza.