Gia Ishirini na Moja Kasoro Ishirini

Jumatatu, 4 Machi
Nimezihesabu. Baiskeli ya milimani aliyonipa baba mkwe siku ya harusi ina gia ishirini na moja. Mimi natumia moja tu, ile iliyokwama. Ishirini zinakula bure! Nimeamua: zote nje, ibaki moja. Nyepesi, safi, ya kisasa. Mke wangu ameuliza kama baba yake anajua. Nimemjibu kwamba mzee atafurahi akishaiona.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua. Juu ya meza ya jikoni: nati kumi na nne, springi mbili, waya, na kidude chenye magurudumu mawili madogo ambacho kazi yake siijui. Nimekitupa kwenye ndoo ya taka. Kumbe sasa cheni inaning'inia karibu iguse chini. Nimekwenda kwa fundi wa kona. Amesema kile kidude ndicho kinachoikaza. Nimerudi mbio. Ndoo tupu! Hukaa wiki nzima ikifurika, leo ndiyo mke wangu ameimwaga.

Alhamisi, 7 Machi
Cheni ilikuwa ndefu, nimeikata. Ikawa fupi. Nimeiunga. Ikawa ndefu tena. Sielewi, vipande ni vilevile! Mwishowe imekubali kukaa kwenye duara kubwa la meno la nyuma, basi. Nimeipanda kwenda kazini. Miguu inakwenda kama cherehani, baiskeli haisogei. Karani mwenzangu, anayekuja kwa miguu, amenipita. Akasimama kufunga kamba za viatu. Nikampita. Akanipita tena.

Jioni, simu. Baba mkwe anakuja Jumapili, na anataka kuiendesha baiskeli kidogo. Huyu ndiye mzee aliyesema siku ya posa, mbele ya ukoo mzima, kwamba mdomo ninao ila mikono sina. Akijua nimeivuruga zawadi yake, nitauweka wapi uso wangu?

Jumamosi, 9 Machi
Fundi wa kona amesema gia hazirudi, vipuri vyake havipo. Haya. Mpango mwingine, wa akili: nimevirudisha vibonyezo vya gia kwenye usukani. Ukivibonyeza vinalia ka! kama zamani. Waya zake nimezifunga kwa utepe mweusi chini ya kiti. Haziendi popote. Mke wangu ameangalia, ameondoka, amerudi kuangalia tena. Huyu akinyamaza namwogopa kuliko baba yake.

Jumapili, 10 Machi
Mzee amefika. Shikamoo, kiti, maji ya kunywa, kisha baiskeli. Mke wangu amemwomba azunguke uwanja wa mpira tu, asipande kilima, kuna matope. Matope gani? Mvua haijanyesha mwezi mzima! Sijui mwanamke huyu ana nini.

Nimejibanza nyuma ya mlango. Mzee amezunguka mara tatu. Ka! Ka! Ka! Moyo wangu nao hivyo hivyo. Amerudi anacheka. Amesema gia zimekuwa laini ajabu, hazikwaruzi hata kidogo, na magoti hayajamuuma. Kisha amenishika mkono na kusema alinikosea siku ile ya posa, mikono ninayo. Machozi yamenilengalenga. Mke wangu amekimbilia chumbani, nikamsikia akikohoa. Au alikuwa akicheka? Sikuelewa.

Jumatatu, 11 Machi
Baba mkwe amerudi asubuhi na baiskeli yake mwenyewe, mpya, gia ishirini na nne. Anasema zinakwaruza. Anaomba nizilainishe kama zile, kwa sababu Jumamosi anapanda nayo kilima kwenda kumwona dada yake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi ndogo. Mke wangu, nyuma yake, amenikodolea macho na kutikisa kichwa mpaka kitambaa kikamvuka. Sijui alitaka nini. Wivu, labda.

Nimeshaifungua. Humu vidude ni vingi zaidi. Safari hii ndoo ya taka nimeimwaga mwenyewe mapema, ili iwe na nafasi.