Swali la Pili Linatuvurugia Nyumba

Lisekese, Masasi

Ndugu Mkuu wa Shule,

Pokea salamu zangu, na tafadhali usiniulize mara mbili kama mimi ni mzima. Naitwa Alphonce Lucian, mzee wa kanisa, baba wa Arthur wa kidato cha nne na Isabela wa kidato cha pili. Nalalamikia mafunzo ya Mwalimu Devotha ya kila Jumatano, ya kuzuia vijana wasijiue. Nia ni njema, sipingi. Ila amewafundisha kwamba mtu akijibu "salama", aulizwe tena, kisha asikilizwe bila kukatizwa. Ndugu, kwetu "salama" ndiyo mwisho wa mazungumzo! Marehemu babu alivunjika mguu, akajibu "salama" mpaka mfupa ukaunga wenyewe, kombo.

Madhara ni haya:

1. Nimetoka shamba, Isabela kaniamkia, nimeitikia marahaba, kaniuliza habari za mikorosho, nimesema salama. Akanikazia macho: "Baba, salama ya kweli au ya kumaliza salamu?" Nikajikuta namweleza habari za kiuno, kisha za marehemu mama yangu. Nimelia mbele ya kuku.

2. Kwa shangazi yake Newala, kwenye foleni ya maji, Isabela alimuuliza jirani, Mama Grace, mara ya pili. Mama Grace akageuza ndoo, akaikalia, akaanza. Wenzake nao wakageuza ndoo. Maji yakaja, yakakatika, hakuna aliyejua. Na hakuna aliyegombana! Foleni gani hiyo?

3. Padre aliulizwa mlangoni mwa kanisa, akakiri kwamba tangu ahamie kwetu hana wa kula naye. Sasa anakula kwa zamu nyumba kwa nyumba, na kwangu huchagua paja la kuku, ambalo tangu nioe lilikuwa langu.

4. Mke wangu aliulizwa baada ya chakula cha mchana. Alimaliza jua linazama. Hoja zote zilinihusu mimi.

5. Sasa Isabela anamwandama Arthur. Mtihani wa majaribio ulimwendea vibaya, lakini ni kijana mtulivu, hana neno. Juzi amegawa mpira na viatu vyake vyote kwa wenzake, kwa ukarimu tu. Haongei, hali vizuri, amepumzika. Kwa nini asumbuliwe?

Tukiliachia jambo hili, hata mnada wa korosho utakwama: karani atawasalimu wakulima, nao watamjibu! Taifa litaishi vipi?

Naomba mafunzo yafungwe, na vijana wafundishwe kujibu "salama" kwa sauti moja.

Wasalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Alphonce Lucian (Baba Arthur)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, leo asubuhi Arthur amejibu. Alimwambia dada yake kwamba hataki tena kuishi. Isabela hakupiga kelele. Alikaa naye, akaniita. Nilifungua mdomo nimkemee, nikaufunga, nikasikiliza mpaka mwisho. Mwalimu Devotha ametusindikiza hospitali ya Mkomaindo. Mwanangu yuko hai, mama yake kamshika mkono, na wataalamu wanazungumza naye. Barua sikuichana, ili muone mnapambana na watu wa aina gani. Msifunge chochote. Jumatano naomba mniwekee dawati. Nina mtoto wa kumsikiliza, na bado sijui pa kuanzia.