Ushuru wa Kandambili

Jumatatu, 3 Novemba

Sikuuza kitu. Joto la kuua mtu! Nimekaa kibandani tangu asubuhi, nimezungukwa na alpargata nilizozishona kwa mikono yangu. Turubai safi, soli ya kamba, viatu vya heshima, viatu vya baba yangu na babu yangu. Watu wanapita. Wanavisifu. Kisha wanavuka njia na kununua kandambili za mpira kwa Doña Obdulia.

Ukiacha siku za sikukuu, mtu pekee anayenunua kwangu ni Obdulia mwenyewe. Kila Jumamosi huchukua gunia zima, anasema ni la ndugu zake wa ng'ambo. Hiyo si biashara. Hiyo ni huruma.

Na huo ndio msiba wangu. Obdulia ndiye adui wa kazi yangu, na Obdulia huyohuyo ndiye ninayempenda. Mjane, sauti nzito, kicheko cha kutikisa meza. Kila alfajiri anavuka mto kwa boti kwenda upande wa Paraguay, anarudi na magunia ya kandambili na kapu la chipa, vile vimkate vya muhogo na jibini, bado vya moto. Kisha anachemsha maji, anatia yerba, yale majani yetu machungu ya kunywa, kwenye kibuyu chenye mrija, na kibuyu kinaanza kuzunguka. Anakunywa yeye, anajaza, ananipa mimi. Anajaza tena, anampa Baldomero msokota kamba. Mimi ni wa pili. Siku zote wa pili! Mtu hapewi nafasi hiyo bila sababu.

Nataka kumposa. Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu wa mji, kutakuwa na dansi uwanjani. Lakini mwanamume asiye na wateja anaposa kwa uso upi?

Nimepata wazo. Kandambili za kigeni zitozwe ushuru mpaka zisinunulike! Watu watarudi kwangu. Obdulia ataachana na boti, atauza viatu vyangu, tutaoana. Sitamwambia. Nataka nimshtukize kwa furaha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeenda kwa diwani Iturralde. Nilivaa koti, kwa joto hili! Nikamhutubia. Viatu vya ng'ambo vinatunyonya damu. Kila kandambili ni kofi kwenye shavu la nchi. Babu zetu hawakuvuka bahari kutoka Poland ili wajukuu wao wavae mpira wa watu. Machozi yalinitoka kidogo, mimi mwenyewe.

Diwani alisikiliza huku anajikuna mguu. Nikautazama ule mguu. Kandambili! Za bluu! Akaniuliza wananchi watapata nini. Nikasema watapata fahari. Akataka kujua fahari huvaliwa mguu gani. Nikamkumbusha kwamba nina binamu wengi, na wote wanapiga kura. Akaacha kujikuna.

Kuanzia Alhamisi, kandambili ya kigeni ikiingia sokoni italipiwa ushuru sawa na bei yake. Nimetoka nikipiga mluzi. Nimemwahidi jozi ya bure.

Alhamisi, 6 Novemba

Kipaza sauti cha soko kilitangaza asubuhi, kibuyu kikiwa mkononi mwangu. Obdulia akauliza, mbele ya watu wote, ni mnyama gani aliyekwenda kuomba kitu hicho, maana akimjua atamvisha magunia yake kichwani. Nikasema labda ni mzalendo tu. Akasema basi huyo mzalendo hana watoto wa kuwavisha, na kama anao, Mungu awahurumie. Nikanyonya yerba mpaka kibuyu kikalia. Nimeungua ulimi.

Nimepandisha bei. Lazima! Mshindani hayupo, kwa nini niuze kama fukara? Walikuja wachache, wakanunua huku wananitukana. Zulema wa bucha ameniita kupe.

Wengine walifanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Walipanda boti! Wamevuka wenyewe, wamenunua kandambili hukohuko, wamerudi nazo miguuni. Kilichokwisha kuvaliwa hakitozwi ushuru. Na kwa kuwa walishafika, wakanunua na nyama, na mafuta, na sabuni. Zulema hakuuza hata mfupa.

Obdulia ameshinda mbele ya rundo lake, mikono mapajani. Nilitamani kumwambia avumilie, kwamba yote ni kwa ajili yake. Jumapili si mbali.

Ijumaa, 7 Novemba

Baldomero! Nyoka! Naye kaenda kwa diwani!

Kamba ya soli zangu hutoka Brazil, huja kwa boti ileile. Sasa nayo ina ushuru. Lazima ninunue ya Baldomero, ambayo inafaa kufungia ndama. Inanuka, inamwaga vumbi, na kapandisha bei. Nikamwambia huu ni wizi. Akanijibu, kifua mbele, kwamba kila kamba ya kigeni ni kofi kwenye shavu la nchi. Shavu langu! Hotuba yangu! Nikamweleza kwa upole kwamba kamba ni kitu kingine. Kamba inatumika kutengenezea, inapaswa kuingia bure. Viatu ndivyo vya kulindwa. Mwenye akili yeyote anaona tofauti. Yeye hakuiona. Alisema soli ni yangu lakini kamba ni yake, kila mtu alinde tumbo lake.

Mwokaji wa mji pia amepata ushuru wake. Chipa za Obdulia zimekwisha. Leo tumekunywa yerba na mkate wa hapa, ambao ungefaa kujengea ukuta. Nilikuwa bado wa pili, namshukuru Mungu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeshona kutwa. Vidole vinauma. Wachezaji wote wa kesho wanachukua kwangu, hawana kwingine. Nilifurahi mpaka Obdulia alipokuja kibandani na kuketi juu ya gunia.

Alisema hajawahi kuninyang'anya mteja hata mmoja. Mama akiwanunulia watoto kandambili za bei nafuu, anabakiwa na chenji, na kwa chenji hiyo anamnunulia mumewe alpargata za kuchezea dansi, na nyama kwa Zulema. Hakuna anayecheza dansi na kandambili, na hakuna anayeteka maji mtoni na alpargata. Sasa huyo mama anamaliza pesa kwenye kiatu kimoja, anarudi nyumbani, na sote tunabaki tunatazamana.

Kisha akasema lililoniua. Lile gunia la kila Jumamosi halikuwa la ndugu. Alikuwa anaviuza viatu vyangu ng'ambo! Huko wanavigombania. Kikundi cha dansi cha upande ule kilishaagiza vya wachezaji wote, na baada yao wengine. Hakuniambia, anajua ningepiga kelele kwamba nawavisha wageni. Lakini wenzetu wamesikia habari za ushuru wetu, nao wameweka wa kwao. Kwa viatu vya turubai tu. Gunia limerudi. Alikuwa amelikalia.

Nilikaribia kukiri. Midomo ilishafunguka. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba hao wa ng'ambo hawana utu, watu gani wanafunga soko lao kwa kazi ya mikono ya jirani! Obdulia aliinuka. Akaondoka bila kuaga. Sijisikii vizuri.

Jumapili, 9 Novemba



Mvua ilinyesha mchana, ikauacha uwanja umelowa. Kodiani ikaanza. Miguu yote ya mji imevaa alpargata zangu! Pete ya marehemu mama ilikuwa mfukoni. Nikasema moyoni, Casimiro, leo ndiyo leo.

Wimbo wa pili, kamba ya Baldomero ikanywa maji. Ikavimba. Ikaanza kufumuka. Soli zikaachana na turubai, kamba zikawafuata wachezaji nyuma kama mikia. Zulema alikanyaga mkia wa mumewe, wakamwangukia padre. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakanitafuta kwa macho.

Diwani akapanda jukwaani kuwatuliza. Ili lawama zisimguse, akanitaja. Jina, ukoo, mtaa. Baba wa ushuru, alisema, ni yule pale mwenye koti.

Obdulia alikuwa ameketi pembeni na birika lake. Nikamwendea. Hakunifokea. Heri angenifokea! Alijaza kibuyu, akanywa. Akajaza tena. Nikanyoosha mkono. Akampa Baldomero. Baldomero mwenyewe, mwenye kamba ile! Kikarudi, akajaza, akampa mwokaji. Kikazunguka tena, na mkono wangu bado uko hewani, kila mtu anautazama.

Ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba amengoja muda mrefu nimpose. Alishapanga kila kitu. Kibanda kimoja, kandambili upande huu, alpargata upande ule, na yeye akivuka na vyote viwili. "Mdomo ulikuwa nao, Don Casimiro. Ungeniuliza mimi, unamuuliza diwani?" Kesho anahamia ng'ambo kwa dada yake. Huku, alisema, hakuna tena cha kuuza wala cha kungoja.

Nimelia. Safari hii si kidogo.

Jumatano, 12 Novemba

Mahali pake pako wazi. Asubuhi nilichemsha maji, nikajaza kibuyu mwenyewe, nikanywa, nikajaza, sikuwa na wa kumpa. Baldomero hanisemeshi, kamba yake hainunuliwi na mtu. Sina mteja, sina mke, sina hata viatu. Alpargata zangu mwenyewe zilibaki kwenye tope la uwanja.

Ilinibidi kununua kandambili. Obdulia alikuwa amemwachia karani wa soko jozi chache zilizobaki. Karani akanidai bei, halafu akanidai ushuru. Nikafoka, mbele ya foleni nzima, ni mjinga gani aliyebuni kitu hiki. Karani alininyooshea kidole.

Mwenye boti ananiambia Obdulia ameshafungua kibanda kule. Kandambili upande huu, alpargata upande ule. Kuna fundi wa hukohuko anayemshonea, kajifunza kwa kufumua moja ya zangu. Asubuhi wanakunywa yerba. Huyo fundi ni wa pili.

Wa pili!

Nimefikiri tangu mchana, na hatimaye nimeliona kosa langu. Liko wazi kabisa. Ushuru ulikuwa mdogo! Na uligusa viatu tu, ukawasahau wanaume. Kesho narudi kwa diwani. Fundi yeyote wa kigeni anayemposa mjane wa mji huu alipe mara mbili, na boti ifungwe mpaka atakapolipa. Hotuba iko tayari, inaanza na lile kofi kwenye shavu. Koti nimelipiga pasi. Kandambili ziko mlangoni. Kwa kweli ni nzuri, hazichubui hata kidogo.