Kifo cha Mzee Idwal kwa Herufi Elfu Nne

Mzee Idwal Pugh alikata roho mikononi mwa Gethin Prosser, Jumanne moja ya mwezi wa Julai. Habari hizo zilimfikia mzee mwenyewe mwezi wa Oktoba, akiwa anakula keki.

Aliyemuua alikuwa Gethin, kwa kalamu. Kijana huyo wa miaka kumi na saba, mzaliwa wa Aberdare huko Wales, alikuwa anaomba nafasi ya kusomea udaktari, na kila mwombaji hutakiwa kuandika maelezo yake binafsi: herufi elfu nne, nukta na mikato ikiwemo, za kueleza yeye ni nani na kwa nini akabidhiwe roho za watu. Gethin aliona kuwa amebanwa. Mtu wa aina yake alihitaji kitabu kizima.

Shida ilianza alipokaa kuandika. Alama nzuri alikuwa nazo. Mama yake, Delyth, alikuwa ameshamtangaza kwa msusi, kwa muuza nyama na kwa mchungaji kuwa ni "daktari wetu." Alichokosa ni wagonjwa. Utabibu wake wote ulikuwa wiki mbili za likizo katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako aligawa chai, akaokota miwani iliyodondoka chini ya viti, na akafungwa karata mara kumi na tisa na Mzee Idwal, dereva wa basi mstaafu.

Chai haimwingizi mtu chuo kikuu. Basi Gethin akamchukua Mzee Idwal, akamlaza kitandani, akampa nimonia.

"Nilimshika mkono," aliandika, "pumzi zake zikihesabika. Akanitazama kwa macho yaliyoiona dunia, akaninong'oneza: Gethin, wewe ni tabibu tangu tumboni mwa mama yako. Kisha akafumba macho, na jua likazama."

Ilikuwa saa tisa alasiri, katikati ya kiangazi, na jua la Wales likazama. Gethin aliisoma sehemu hiyo mara nne. Mara ya nne alilia.

Mwalimu Bevan, aliyesimamia maombi pale shuleni, hakulia.

"Huyu mzee ulikuwa naye wewe mwenyewe?"

"Mpaka dakika ya mwisho, mwalimu."

"Pole sana, mwanangu. Nitamtumia meneja wa pale athibitishe, halafu tupeleke. Ni utaratibu tu. Mwaka jana kuna mmoja aliniandikia kuwa amepasua mtu."

Gethin alitaka kusema jambo. Akaishia kusema sawa.

Bi Nerys, meneja, aliyasoma maelezo yale ofisini kwake, akayarudia, kisha akayachukua hadi sebuleni na kuwasomea wazee kumi na wanane waliokuwa kwenye chai ya saa kumi. Jioni hiyo alimpigia Gethin simu. Mzee Idwal anamhitaji kesho. Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mlango ungefungwa saa kumi na mbili jioni.

Gethin alipanda kilima cha kwenda nyumba ya wazee akiwa amejiandaa kutukanwa. Alimkuta mzee kwenye kiti cha dirishani, miwani puani, karatasi mapajani.

"Kaa, daktari."

"Mzee Idwal, naomba unisamehe. Mimi..."

"Nimonia."

"Ndiyo, mzee."

"Miaka thelathini na minane nimeendesha basi juu ya barafu, breki zinakatika, abiria wanatapika. Halafu wewe unakuja kuniua kwa kikohozi."

"Herufi zilikuwa chache."

"Na haya ya tumboni mwa mama yako, mimi naweza kutamka upuuzi huu? Hata nife kweli siwezi."

Bibi Morfydd, aliyekuwa akifuma sweta kwenye kiti cha pili, aliinua kichwa. "Mimi nauliza tu. Kwa nini achaguliwe Idwal, wakati mwenye moyo mbovu humu ndani ni mimi?"

Mzee mwingine akasema amepasuliwa mara tatu na hakuna aliyewahi kumuua hata kwenye barua. Ikawa kama watu wako kwenye foleni. Gethin alitamani zulia limmeze.

Mzee Idwal akawanyamazisha kwa mkono. "Sasa nijibu. Siku ile nesi alipokuja kunitoa damu, nani alimshika mwenzake mkono?"

Gethin akanong'ona.

"Sisikii."

"Wewe, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nimezimia."

"Kwa damu ya nani?"

"Yako."

"Na kesho yake ulifanya nini?"

"Nilimwomba nesi nitazame tena. Nikazimia tena."

"Na mara ya tatu?"

"Sikuanguka. Lakini nilikuwa nimeshikilia kiti."

Mzee akamsukumia kalamu. "Andika hayo. Na kiti kiandike."

Gethin aliandika pale pale, wazee wamemzunguka, na kila mmoja akawa mhariri. Mzee Idwal alikata neno "shauku" mara kumi na moja. "Una shauku au una homa?" aliuliza. Bibi Morfydd aliomba naye atajwe japo kwa herufi sita, akatajwa kwa nane. Bi Nerys alithibitisha, Mwalimu Bevan akabonyeza kitufe cha kutuma, na maelezo yakaondoka zikiwa zimebaki dakika nne.

Vyuo vinne viliombwa. Vitatu vilimkataa bila hata kutaka kumwona. Cha nne kilimwita kwenye usaili, na profesa mmoja mwenye uso mkavu akamuuliza kwa nini alirudi mara ya tatu. Gethin alifungua mdomo ajisifu, akakosa la kujisifia. "Niliogopa," alisema. "Lakini niliona aibu zaidi kutokurudi." Profesa akaandika kitu. Gethin alishindwa kulala wiki nzima akiwaza kitu hicho ni nini.

Machi jibu likaja: amechukuliwa. Delyth akaanza upya kwa msusi. Gethin alipanda kilima mbio bila koti, na alipofika sebuleni kifua kilikuwa kimeshamvimba tena.

"Mzee Idwal, wamenichukua. Mbele yako amesimama daktari."

Mzee aliweka kikombe chini. Alivua miwani, akaifuta, akachukua muda mrefu kuirudisha machoni.

"Masomo yenyewe ni ya miaka mingapi?"

"Mitano tu. Nikimaliza nitakuja nikutibu kwa mikono yangu mwenyewe."

Mzee alihesabu kwa vidole, kimoja kimoja, hadi cha mwisho. Kisha akashusha pumzi, uso wote ukamnawiri.

"Hongera sana, mwanangu," alisema. "Kwa hiyo miaka mitano niko salama."